Refa wa Kituo cha Mfano

Kabla ajali haijamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa refa wa mpira wa miguu, na mtaa mzima bado unamwita hivyo: Refa. Alichezesha ligi za wilaya, wanaume kwa wanawake, akatukanwa matusi ya kila namna. Lililozoeleka zaidi ni kwamba haoni. "Refa kipofu! Refa kipofu!" uwanja mzima ukimwimbia, naye anapuliza filimbi bila kugeuka. Siku moja alimtoa kwa kadi nyekundu nahodha wa timu ya mtaani kwao wenyewe, watu hata hawajakaa vizuri kwenye majukwaa, akarudishwa nyumbani ndani ya gari la polisi huku mashabiki wakiligonga kwa viatu. Hakujuta. "Alipiga kiwiko," alisema, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia alipiga kiwiko.

Sasa ni mama mwenye duka dogo la kubandika majina na namba kwenye jezi. Anakata herufi, anazipanga, anashusha mfuniko wa mashine ya moto, na wachezaji wa leo wanaondoka wakinuka plastiki mpya. Anaishi kwa kaka yake, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani hufika kama mgeni. Kwa hiyo nyumba, tuseme ukweli, ni ya Refa na wifi yake.

Huyo wifi alikuwa mwanamke wa mwili na wa sauti. Ndiye aliyemtoa Refa kitandani, ndiye aliyempashia maji ya kuoga, ndiye aliyesukuma kiti pale barabara ilipogeuka mchanga. Alikuwa pia kiongozi wa akina mama wa chama cha Ndoo pale mtaani, na mtu wa Taa, chama pinzani, akipita mbele ya nyumba yao aliharakisha mwendo. Yeye na Refa waliitana wifi, wakagombana kuanzia chai ya asubuhi, na kila mmoja bila mwenzake angekuwa kama mchuzi bila chumvi.

Mratibu wa waangalizi alifika dukani miezi michache kabla ya uchaguzi, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi na viatu vinavyong'aa.

"Tunatafuta mtu mwenye ulemavu," alisema, halafu akaona aibu. "Yaani, tunatafuta mwangalizi wa uchaguzi. Ila mwenye ulemavu."

"Unamtaka aangalie, au aangaliwe?" Refa alimuuliza.

Mratibu akacheka sana, akidhani ni utani. Akaeleza kwamba safari iliyopita wafadhili walikuwa wameuliza, kwa upole lakini kwa maandishi, kwa nini waangalizi wao wote wanatembea.

Semina ilifanyika ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa zamani. Walinzi wanne walimbeba Refa na kiti chake, mmoja kila kona, na kwenye mzunguko wa ngazi wakamtua wapumue, wakamwacha akitazama ukuta. Mada ya asubuhi ilihusu majengo yasiyofikika. Mtoa mada aliieleza kwa uchungu mpaka sauti ikamkatika, na wakati huo jasho la walinzi lilikuwa halijakauka kwenye mikono ya kiti cha Refa. Pembeni yake alikaa seremala asiyesikia. Mkalimani wake wa lugha ya alama aliaga wakati wa chakula cha mchana, na mchana wote seremala yule akawa anajitahidi kusoma midomo ya mtu aliyewapa mgongo.

Hata hivyo Refa aliipenda semina ile. Kulikuwa na kanuni. Alikuwa hajashika kanuni mpya tangu alipotundika filimbi, akazisoma kama wengine wanavyosoma hadithi za mapenzi. Moja ilimkaa kichwani: mpigakura asiyeona au asiyeweza kushika kalamu atachagua mwenyewe mtu wa kumsaidia, na msaidizi huyo atasaidia mtu mmoja tu, basi. Amwekee alama pale alipotaka mwenyewe, wala asiitoe siri hiyo nje.

"Ni kama faulo ya mkono," alimwambia wifi yake jioni. "Haina maelezo mengi."

"Kula kwanza," wifi yake akasema.

Kituo alichopangiwa kilikuwa shule ya msingi ya mtaani kwao. Mratibu alikiita kituo cha mfano, kwa sababu kilijengewa njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu. Na kweli ilijengwa, kwa saruji nzito, ikapakwa rangi ya njano. Ilipanda vizuri mpaka mlangoni, na mlangoni ikakutana na kizingiti kirefu kama tofali. Fundi aliambiwa ajenge njia. Habari za mlango hakuambiwa. Siku ya uchaguzi, wifi yake alimsukuma mpaka hapo, akakivusha kiti kizingitini, wakapiga kura zao wote wawili mapema, kisha wifi akafunga kanga yake vizuri.

"Haya, mwangalizi, angalia. Mimi nina shughuli zangu," akasema, akaondoka kwa haraka.

Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo, mwanamume mpole aliyejifuta jasho kwa leso hata kabla halijatoka. Alipomwona Refa amevaa kizibao cha waangalizi, alifurahi kwa dhati.

"Karibu mama, karibu sana! Wenye ulemavu hawapangi foleni. Pita mbele upige kura."

"Ahsante, mwalimu. Nimeshapiga. Mimi ni mwangalizi."

"Ndiyo, ndiyo. Pita mbele."

Askari wa mlangoni akamsukuma mbele. Refa akaeleza tena, akaonyesha kitambulisho, akaonyesha kidole chenye wino. Wakamwomba radhi, wakampeleka barazani penye kivuli, wakampa soda na mrija. Kutoka hapo aliweza kuangalia bomba la maji na migongo ya watu. Akajisukuma mpaka kizingitini, askari akamvusha, wakamtoa tena kwa upendo. Mara ya tatu alitoa ile sauti yake ya uwanjani.

"Mwalimu! Sikuja kupumzika. Nimekuja kukutazama wewe."

Chumba kizima kikacheka, mwalimu naye akacheka, akajifuta uso. Wakamweka kwenye kona, kati ya meza ya makarani na kituturi, yaani kile kiboksi cha karatasi ngumu kilichowekwa juu ya dawati ili mtu akainame humo na siri yake.

Sasa ikawa hivi. Mtu mwenye kizibao akisimama mahali, watu wanamwona. Mtu mwenye kizibao akikaa kwenye kiti cha magurudumu, watu wanaona kiti. Bibi mmoja alimwekea mwavuli mapajani: "Nishikie mara moja, mwanangu." Mwingine akamwekea mkoba. Mwingine akamwekea mtoto anayenyonya, ambaye alishika kitambulisho cha uangalizi akakitia mdomoni. Mawakala wa vyama, ambao walinyamaza kimya kila alipopita mwangalizi mwenye miguu yake, mbele ya Refa walisemezana wazi kama wako mbele ya kabati.

Mchana ulipokaribia aliona chini ya meza kifurushi kilichofungwa nailoni: kibao cha kupapasa, kile chenye matundu na alama za kuinuka, kinachowekwa juu ya karatasi ili asiyeona apige kura kwa mkono wake mwenyewe.

"Hicho hamkitumii?" aliuliza.

"Kipo," msimamizi akasema kwa fahari. "Kipya kabisa. Kinatakiwa kirudi salama."

Hapo ndipo wifi yake alipoingia, amemshika mkono Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee aliyetengeneza saa za mtaa mzima mpaka macho yalipomzimikia, na tangu hapo alikaa nyumbani na redio yake. Alivaa koti. Alinyoa ndevu. Mtu yeyote angeona kwamba mzee huyu ameisubiri siku hii. Msimamizi akamuuliza kama mama huyu ndiye msaidizi wake, akasema ndiye, wakaenda kwenye kituturi. Kituturi kilitengenezwa kumficha mtu na watu waliosimama. Refa alikuwa amekaa, hatua chache, upande wa chini. Hakuchungulia. Alikuwa pale tu, na macho yake hayakuwahi kujifunza kufumba mchezo unapoendelea.

"Taa," mzee alinong'ona kwa sauti ya watu wenye masikio mazito, ikasikika mpaka kwa askari. "Niwekee Taa, mwanangu."

"Nimeshaweka, baba," wifi yake akajibu kwa upole. Na kalamu ikashuka mpaka mwisho wa karatasi, palipochorwa ndoo.

Mzee akaitumbukiza karatasi sandukuni kwa mkono wake mwenyewe. Alitabasamu.

Kabla Refa hajapata pumzi, wifi alikuwa amerudi na jirani aliyepooza upande mmoja. Halafu na ajuza wa nyumba ya kona. Halafu na bwana mmoja anayetetemeka mikono. Kila mmoja alimpanguza vumbi, alimwongoza taratibu, alimwita baba au mama. Msimamizi alimtazama kwa macho ya mtu anayetazama mahubiri.

"Wifi," Refa alimwita alipopita karibu. "Njoo hapa."

Wifi akainama, akidhani anataka maji.

"Umemwekea mzee Ndoo. Amekwambia Taa."

"Fundi Saa?" Wifi hakushtuka hata kidogo. "Mzee kachanganyikiwa na redio. Siku zote ni mtu wa Ndoo yule, baba yake alikuwa wa Ndoo. Nimwache aharibu kura?"

"Na hao wengine? Kanuni inasema msaidizi mmoja, mtu mmoja."

Wifi akanyooka, akashika kiuno.

"Mbona nyumbani sijawahi kuisikia hiyo kanuni? Ningekusaidia mara moja tu, wifi yangu, leo hii ungekuwa umeoga lini?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchoma Refa: hakusema kwa ubaya. Akageuka, akaenda kumfuata mwingine.

Refa akajisukuma mpaka kwa msimamizi, akamweleza yote, taratibu, kama anavyoeleza refa kwa nini penalti ni penalti. Mwalimu alisikiliza, leso ikienda na kurudi.

"Mama," akasema mwishowe kwa sauti ya chini, "huyo ndiye mtu pekee aliyetuletea wenye ulemavu leo. Nikimzuia, kwenye taarifa yangu sehemu ya ujumuishi nitaandika nini?"

"Utaandika nimekwambia."

"Basi nitaandika kwamba tulikuwa na mwangalizi mwenye ulemavu," akasema, uso ukamng'aa. "Na hilo nalo ni jambo zuri."

Mratibu alipita kukagua, amefuatana na mpigapicha. Alichuchumaa mbele ya kiti cha Refa, akaongea kwa sauti kubwa, neno moja moja, kana kwamba ajali ile ilimvunja masikio.

"MAMA! UNAENDELEAJE?"

"Kuna mtu anawapigia watu kura," Refa akamwambia. "Na mtu huyo ni wifi yangu."

"Vizuri sana. Andika yote." Lakini macho yake yalikuwa yameshahamia mlangoni, ambako wifi alikuwa anampandisha ajuza mmoja kwenye ile njia ya njano, mkono mmoja begani, mwingine umeshika bakora yake, jua limewamwagikia wote wawili. "Piga hiyo!" akamwambia mpigapicha. "Piga, piga kabla hawajafika kwenye kizingiti!"

Alasiri Refa alijaza fomu yake. Kwanza aliandika "mwanamke mmoja". Akaliangalia neno hilo muda mrefu. Mwanamke mmoja angeweza kuwa mtu yeyote, na Refa hakuwa akila chakula cha mtu yeyote; alikula cha huyu. Akalikata, akaandika "wifi yangu", akaeleza aliyoyaona na aliyoyasikia, na kibao cha nailoni nacho akakitaja.

Kura zilihesabiwa, Taa ikashinda pale kituoni kwa mbali, na wifi alikuja kumchukua akiwa na uso wa msiba. Walikwenda mpaka kwenye mchanga.

"Umeandika?" wifi akauliza, akisukuma kwa nguvu.

"Nimeandika."

"Umetaja jina?"

"Jina sijataja. Nimeandika wifi yangu."

"Kwani una mawifi wangapi?"

Refa alikuwa na mmoja tu. Jioni ile wifi yake alimpashia maji kama kawaida, akamsaidia kuoga kama kawaida, akamvalisha, akamlaza, na katika shughuli yote hiyo hakutamka hata neno moja. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Chakula kilikuja cha moto. Kiti kilisukumwa. Kimya kilisukumwa pamoja nacho. Refa, aliyezoea kuzomewa na uwanja mzima, aligundua kwamba hajui kuishi na mtu mmoja aliyenyamaza.

Ndipo simu ikaja ya mratibu, na haikuwa ya Refa. Ilikuwa ya wifi. Walikuwa wanazindua ripoti ya uangalizi, na walimtaka awe mgeni wa heshima.

"Mimi?" wifi akasema, na hilo likawa neno lake la kwanza mbele ya Refa tangu ule mchanga. Alikata simu akamtazama. "Ni mtego?"

"Sijui," Refa akasema, na kweli hakujua.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwenye kila kiti kulikuwa na ripoti, na juu ya jalada la kila ripoti alikuwepo wifi, amemshika ajuza begani kwenye njia ya njano, jua limewamwagikia. Chini yake paliandikwa kwa herufi nene: HAKUNA ANAYEACHWA NYUMA. Wifi akaishika mbali na uso wake, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Nimetoka vizuri," akanong'ona, akisahau kwamba amenuna.

Refa alifungua ndani akatafuta kituo chake. Alikipata. Kilikuwa na sentensi moja: "Katika kituo cha mfano, wapigakura wenye mahitaji maalumu walipata msaada mkubwa kutoka kwa mwanajamii mwenye kujitolea." Akaisoma mara mbili, akitafuta kiwiko kilikokwenda.

Jukwaa lilikuwa na ngazi. Wifi alipandishwa akaketishwa kati ya wakubwa. Fundi Saa naye alipandishwa, kwa kuwa alisaidiwa kupiga kura na mtu wa kwenye jalada. Refa walimweka chini, karibu na spika, wakamwahidi kwamba atatajwa. Na kweli alitajwa, watu wakapiga makofi, akainua mkono.

"Naomba kusema," akasema.

Kipaza sauti kililetwa, lakini waya uliishia jukwaani. Kijana mmoja aliuvuta, ukachomoka. Refa hakusubiri. Alikuwa amewahi kutuliza mashabiki wa fainali bila umeme.

"Hii siyo niliyoandika," akasema, na watu wa nyuma kabisa wakanyanyua vichwa. "Mimi niliandika kwamba msaidizi mmoja alisaidia watu wengi, kinyume cha kanuni. Niliandika kwamba mpigakura asiyeona alitaka alama moja akawekewa nyingine. Niliandika kwamba kibao cha wasioona kilikaa chini ya meza kwenye nailoni. Nyinyi mmeandika kujitolea."

Mratibu alisimama haraka, akatabasamu kwa meno yote. "Tunamshukuru mama yetu kwa hisia zake. Tunasema hili ndilo hasa..."

"Nani huyo asiyeona?" Fundi Saa akauliza.

Mzee aligeuza uso huku na huku akiitafuta ile sauti ya Refa.

"Mzee wangu," mratibu akamwinamia, "hayo tutayazungumza baadaye. Kwanza Taa ilishinda pale. Hukupoteza kitu."

"Sijauliza nani kashinda," mzee akasema. "Nataka kujua mimi nilipigia nini."

Wakubwa walitazama ripoti zao. Mpigapicha alishusha kamera. Refa aliangalia juu jukwaani, kwa wifi yake, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani mchezo uishe kabla hajalazimika kupuliza.

Wifi alikuwa bado ameshika ripoti kifuani. Akaiweka chini, picha ikitazama meza.

"Ndoo, baba," akasema. "Uliniambia Taa, mimi nikakuwekea Ndoo. Nilidhani umechanganyikiwa."

"Mimi?"

"Wewe, baba. Na wale wengine wengi nao sikuwauliza vizuri."

Mzee alipapasa kifungo cha koti lake, akakifunga, akakifungua.

"Ningejua," akasema polepole, "ningebaki na redio yangu. Nilinyoa ndevu kwa ajili ya siku ile."

Wifi akaanza kulia, siyo kwa kelele kama ilivyokuwa desturi yake, bali machozi tu yakimtiririka. Mtu mmoja nyuma kabisa, ambaye pengine hakusikia vizuri, akapiga makofi, na kwa kuwa ukumbi haukujua la kufanya, wengine wakamfuata.

Ripoti zile hazikuchapwa upya; mratibu alisema bajeti imefungwa. Ila kwenye nakala zilizobaki walibandika karatasi nyeupe juu ya ile sentensi, na ukiinyanyua kwa kucha utaisoma. Wifi alikwenda kwa Fundi Saa kuomba radhi. Mzee alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, na mara ya pili alimkaribisha. Wale wengine nao aliwaendea, nyumba kwa nyumba, na kwa ajuza wa kona alitukanwa vizuri sana. Alirudi akamsimulia Refa kila tusi, na Refa akagundua kwamba kimya kimekwisha.

Siyo kwamba alisamehewa. "Ulinianika," wifi akamwambia akimsugua mgongo. "Ungeniita chumbani ukaniambia."

"Nilikuita palepale kituoni, nikakwambia."

"Hukuniambia kwa nguvu."

"Ulikuwa umeinama mdomoni pangu, wifi."

"Inua mkono," wifi akasema, akamwagia maji.

Mwaka ulipogeuka, diwani wa kata alifariki, ukatangazwa uchaguzi mdogo. Mratibu alipiga simu tena. Aliongea muda mrefu, na wifi akawa anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, macho yake kwa Refa. Alipokata akakaa kwenye kochi taratibu.

"Wananitaka niwe mwangalizi," akasema. "Ati kwa ukweli wangu wa siku ile. Ati jamii inahitaji watu kama mimi."

"Na mimi?"

"Kasema safari hii nafasi ya ulemavu wamempa mwingine. Ni zamu kwa zamu."

Refa alicheka mpaka kiti kikatikisika, akacheka mpaka wifi naye akaambukizwa, na ndani ya kicheko hicho kulikuwa na kitu kichungu alichokimeza polepole.

"Nikubali?" wifi akauliza, akijifuta macho.

"Mwangalizi hatakiwi kuwa wa chama. Uache Ndoo kwanza."

"Ndoo siachi."

"Basi kataa."

Wifi akafikiri, kidole kwenye shavu.

"Lete kwanza hizo kanuni zako," akasema. "Nizisome. Nisije nikakataa kitu nisichokijua."

Refa akajisukuma mpaka kabatini kuzitafuta.